Tusifungie njugu historia yetu

Juma lililopita, nikisubiri kuvuka kutoka Likoni kwenda kisiwani, nilinunua njugu za shilingi ishirini kwa kijana mmoja pale mteremkoni pa feri. Nilipozimaliza, kabla ya kuitupa karatasi iliyozifunga, niliikunjua na kuitazama, kama ilivyo ada yangu ya miaka mingi. Kilikuwa kipande cha ukurasa wa gazeti la Kiswahili la mwaka 1994. Palikuwa na safu mbili za majina, mengine yamekatika nusu, mengine yameingia mafuta ya njugu. Yalikuwa majina ya watu waliozama na feri ya Mtongwe asubuhi ya tarehe 29 Aprili mwaka huo, msiba uliochukua roho za watu 272 katika maji haya haya ya Kilindini.

Nilirudi kwa yule kijana nikamwuliza karatasi zake huzipata wapi. "Mzee wangu, hizi twanunua kwa kilo," akanijibu kwa adabu. "Kuna watu wakihama, ama wakifiwa na mzee wao, hutuuzia. Wataka nikuwekee?" Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa akitafuta riziki yake ya halali, na umri wake ni mdogo kuliko ile karatasi. Lakini nilivuka bahari siku ile nikiwa na donge kooni, kwa kuwa najua vizuri sana jinsi gazeti linavyotoka sandukuni mwa mzee likafika mkononi mwa muuza njugu. Njia hiyo niliipita mimi mwenyewe zamani. Makala haya ni maoni yangu juu ya jambo hilo, na kwa kiasi fulani ni maungamo.

Mpenzi msomaji, kwanza nijitambulishe kwa ugonjwa wangu. Mimi ni mkusanyaji wa majarida makuukuu ya Marekani. Katika chumba kimoja cha nyumba yangu hapa Likoni mna marobota ya Life, Look, The Saturday Evening Post, Reader's Digest na National Geographic, mengi yao yakiwa yamechapishwa kabla sijazaliwa. Majirani wameshazoea kuniona nikirudi kutoka soko la Kongowea nimekumbatia karatasi badala ya mboga. Mke wangu huniuliza kila msimu wa mvua ni kipi kitakachotangulia kuanguka, dari ile au mimi ninayepanda ngazi kuitazama. Wengine hudhani nimeficha mali, kwa sababu wamesikia kwamba kila kilicho kikuukuu kina bei. La hasha. Majarida hayo yalichapishwa kwa mamilioni, na nakala ya kawaida haiwezi kumtajirisha mtu. Nayaweka kwa kuwa nayapenda, na kwa kuwa yamenifundisha mambo ambayo sikuyapata mahali pengine.

Mwanzo wa mapenzi hayo ulikuwa ukutani. Jirani yetu mmoja alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu kule Kizingo, na waajiri wake walipochoka na majarida yao yeye ndiye aliyepewa. Aliyatumia kubandikia kuta za chumba chake cha udongo kwa gundi ya unga. Kiingereza changu cha kwanza nilikisoma kwenye kuta zile, tena kwa kuipinda shingo, maana kurasa nyingine alizibandika kichwa chini miguu juu. Hapo ndipo nilipoona theluji, magari marefu kama mashua, jokofu lililojaa vyakula ambavyo sikujua majina yake, na watu wakitembea juu ya mwezi. Hadithi nyingi zilikatika katikati, kwa sababu upande wa pili wa ukurasa ulikuwa umegandamana na ukuta. Nadhani ni hamu ya kutaka kujua zilivyokwisha iliyonifanya nianze kutafuta matoleo mazima.

Yafaa nieleze majarida hayo yalikuwa ya namna gani, maana vijana wa leo hawana mfano wake karibu. Yalikuwa majarida ya mambo yote kwa ajili ya watu wote. Katika toleo moja msomaji alikuta vita, harusi, hadithi fupi, mapishi, wanyama wa mwituni na tangazo la sabuni, na katika nyumba moja yalisomwa na baba, mama, mtoto na mtumishi. Life, mali ya Henry Luce, lilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1936 kwa bei ya senti kumi, na jaladani palikuwa na picha ya bwawa la Fort Peck iliyopigwa na mwanamke hodari, Margaret Bourke-White. Look lilifuata mwaka 1937. The Saturday Evening Post lilikuwa limewatangulia kwa miaka mingi, na mchoraji mmoja tu, Norman Rockwell, alilichorea majalada zaidi ya 300. Mwaka 1952, Life lilipochapisha ndani ya toleo moja kisa kizima cha Ernest Hemingway juu ya mvuvi mzee na samaki wake, nakala zaidi ya milioni tano zilinunuliwa katika muda wa siku mbili.

Kisha yakafa. Collier's lilikufa 1957. Post lilikufa 1969, ingawa baadaye lilifufuliwa kwa sura nyingine. Look lilifuata 1971, na Life la kila juma lilichapishwa kwa mara ya mwisho Desemba 1972. Hayakufa kwa kukosa wasomaji, kwa maana hadi siku za mwisho yalikuwa na wasomaji kwa mamilioni. Yalikufa kwa sababu wenye matangazo ya biashara walihamia kwenye televisheni, huku gharama za kuyachapa na kuyatuma kwa posta zikipanda.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji anisikilize kwa makini. Majarida hayo yalikufa, lakini hayakupotea. Maktaba za Marekani ziliyajalidi na kuyapanga rafuni. Watu binafsi waliyahifadhi majumbani mwao. Wauza vitabu vikuukuu waliyaorodhesha toleo kwa toleo, jalada kwa jalada. Tangu mwaka 2009 matoleo ya Life ya kila juma, zaidi ya 1,800, yanaweza kusomwa bure katika intaneti. Mtoto wa Mtongwe au wa Mikindani mwenye simu ya kawaida anaweza leo usiku kusoma alichokisoma mkulima wa Marekani mwaka 1940. Je, anaweza kwa wepesi huo huo kusoma alichokisoma babu yake mwenyewe, kuli wa Kilindini, mwaka huo huo? Hilo ndilo swali linaloninyima usingizi.

Nitatoa mfano wa hapa hapa pwani. Toleo nilipendalo zaidi katika mkusanyo wangu ni la Look la mwaka 1954. Agosti 1953 Hemingway aliteremka Mombasa kutoka melini. Look lilikuwa limempa fedha na mpiga picha ili aandike juu ya safari yake ya mawindo. Januari 1954 ndege aliyoipanda ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison huko Uganda, na siku iliyofuata ndege ya pili iliyokuwa imuondoe ikashika moto Butiaba. Magazeti ulimwenguni yalitangaza kifo chake. Kumbe yu hai, na mkasa wote akausimulia mwenyewe katika Look, kwa matoleo mawili ya Aprili na Mei. Baada ya ajali hizo alikuja kupumzika na kuvua samaki Shimoni, katika pwani hii ya kusini ambayo sisi watu wa Likoni ndio mlango wake. Huko nako aliungua katika moto wa kichakani, kisha akapanda meli Mombasa na kurudi Ulaya. Mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Mimi, mzaliwa wa Likoni, naweza basi kukueleza mgeni huyo alivyoumia, alikunywa nini na aliwaza nini alipokuwa nchini mwetu, kwa kuwa jarida lake limehifadhika. Lakini nikiulizwa wenyeji wa pwani hii walikuwa wakijadiliana nini barazani mwao katika miezi hiyo hiyo, nashikwa na kigugumizi. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari. Bandarini watu walilalamikia mishahara na makazi. Machi 1955 makuli wa Kilindini waligoma, na kijana wa miaka 24 aitwaye Tom Mboya akaja kutoka Nairobi kusaidia kutafuta mapatano. Jarida la Time lilimweka Mboya jaladani Machi 1960, na toleo hilo ninalo, limefungwa vizuri ndani ya plastiki. Wasomaji wa Marekani walimwona Mboya katika jalada hilo mwaka 1960. Baba zetu wa Kilindini walikuwa wamemwona miaka mitano kabla, amesimama mbele yao. Tukibaki na kumbukumbu zilizohifadhiwa na wageni peke yake, tutajihesabu kuanzia siku wageni walipotuona.

Sasa nifike kwenye maungamo yangu.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waliogoma mwaka ule. Alianza kazi bandarini akiwa kuli, akaishia kuwa karani wa kuhesabu shehena. Elimu yake ilikuwa ya chuoni pamoja na miaka michache ya shule, lakini kila juma alinunua Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa mwaka 1939 na wenye East African Standard. Alijua wazi kwamba gazeti lile ni mali ya Wazungu na kwamba si kila neno lake lilistahili kuaminiwa. Hata hivyo alijivunia kwamba mhariri wake wa awali alikuwa Francis Khamisi, mtu wa pwani yetu, ambaye mwaka 1944 alikuwa katibu wa kwanza wa chama cha KAU. Alichokipenda hasa kilikuwa barua na mashairi ya wasomaji, maana humo, alisema, ndimo watu walimokuwa wakijibizana wao kwa wao. Akimaliza kusoma aliikunja nakala yake kwa uangalifu na kuitia katika sanduku la mbao chini ya kitanda.

Mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka 14, mwuza vitabu mmoja alinionyesha furushi la Life ishirini zilizokuwa bado zinang'aa. Sikuwa na pesa. Nilingoja baba aende kazini, nikalifungua sanduku lake, nikazibeba nakala zote za Baraza na kumwuzia muuza njugu wa mtaani kwa ratili. Nilijiambia kwamba zile ni karatasi zilizochakaa, hazina rangi wala picha za kuvutia, na kwamba mzee hatazisoma tena. Nikanunua majarida yangu, nikayaficha uvunguni.

Hazikupita wiki mbili. Jioni moja baba alirudi kazini amechukua njugu, akaketi barazani akitugawia. Nilimwona ameikunjua karatasi. Aliinyoosha juu ya goti, akaisoma mpaka pale ilipokatika, akaigeuza na kusoma upande wa pili. Ilikuwa habari ya ule mgomo. Kisha akaniita.

"Mwanangu."

"Labeka, baba."

"Zilizobaki ziko wapi?"

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Asubuhi yake alinipa shilingi mbili, akanituma kwa muuza njugu nikazinunue zilizosalia. Zilikuwa zimekwisha. Nilimrudishia fedha zake, akazitia mfukoni, na mpaka alipofariki mwaka 1991 hakulitaja tena jambo lile. Ile karatasi moja aliirudisha sandukuni. Hivi leo ninayo mimi. Katika maelfu ya kurasa zilizojaa chumbani mwangu, ndiyo ya pekee inayosimulia jambo ambalo baba yangu alikuwamo.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, tena niliuuza. Sisemi kwamba msala ule ulikuwa mbaya; majarida ya Marekani yamenipa furaha na elimu, na sitayachoma moto ili nionekane mzalendo. Lakini najua sasa kwamba nilitoa kitu ambacho hakikuwa na nakala nyingine mtaani, nikapokea kitu kilichokuwa na nakala milioni nane.

Tusidhani kwamba mji wetu haukuwa na magazeti ya kuwekwa. Lile lililokuja kuwa Standard lilizaliwa hapa Mombasa mwaka 1902, likiasisiwa na A. M. Jeevanjee, kabla ya kuhamia Nairobi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaonya na kuwaamsha watu wake kwa Kiswahili chao. Makala ya As-Sahifa tunaweza kuyasoma leo kwa kuwa yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi kilichotoka mwaka 1944, na mwaka 2017 sehemu yake ikatolewa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wachapishaji wa Leiden, Uholanzi. Taifa lilianza 1958, likafuatwa na Taifa Leo mwaka 1960. Baraza lilifungwa 1979. Joe, jarida la vichekesho na hadithi la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, liliwachekesha Wakenya kuanzia 1973 hadi lilipofifia mwisho wa miaka hiyo. Katika magazeti hayo ya Kiswahili mlikuwa na mashairi ya watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe ambao hawakuwahi kuandika kitabu. Kwa wengi wao, ukurasa wa gazeti ndio diwani yao ya pekee. Ukurasa huo ukifungia mabuyu, mshairi huyo amekufa mara ya pili.

Wapo walioona mbali. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alitumia maisha yake kukusanya vitabu, hati na kazi za sanaa, hata Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi ikapata kutoka kwake vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyefariki 1996, aliacha hazina ya picha za bara letu kwa sababu alizitunza. Maktaba ya McMillan jijini humo, iliyofunguliwa 1931 kwa ukumbusho wa tajiri mzaliwa wa Marekani na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao, ina mkusanyo mkubwa wa magazeti ya zamani. Tena tangu mwaka 1963 maktaba za vyuo vikuu vya Marekani zimeshirikiana, kupitia kituo kilichoko Chicago, kuyapiga picha magazeti ya Afrika katika filamu ndogo ili yasipotee. Nawashukuru wote hao. Lakini msomaji apime mwenyewe: mwanafunzi wa Changamwe anayetaka kujua yaliyompata babu yake aliyezikwa Miritini huenda akalazimika kuabiri kwenda Nairobi, au kuwaandikia barua watu wa Chicago. Je, hiyo ni haki?

Najua yapo majibu nitakayopewa. Kwanza nitaambiwa kwamba kuhifadhi makaratasi ni anasa ya wenye nafasi, na kwamba nyumba zetu za chumba kimoja hazina mahali. Nakubali kwamba nafasi ni haba. Lakini sanduku la baba yangu halikuwa kubwa kuliko begi la shule, na yeye hakuwa tajiri. Hakuna anayemtaka kila mtu ahifadhi kila gazeti. Kila ukoo ukihifadhi kumi tu, yale yaliyowagusa, mtaa mzima utakuwa na maktaba.

Pili nitaambiwa kwamba siku hizi mambo yote yamo katika intaneti. Hili ndilo kosa kubwa zaidi. Katika intaneti mna kile tu ambacho mtu alikihifadhi kwanza, kisha akakipiga picha, kisha akakilipia kikae humo. Life limo humo kwa sababu kulikuwa na nakala zake rafuni kwa miaka sabini. Karatasi iliyofungia njugu haiwezi kupigwa picha na mashine yoyote, hata iwe ya kisasa namna gani.

Tatu nitaambiwa kwamba magazeti husema uongo. Ni kweli, husema. Magazeti ya kikoloni yalisema mengi ya kutudhalilisha, na majarida yangu ya Marekani yamejaa picha ambazo ndani yake Mwafrika hana jina. Lakini uongo uliochapishwa na kutiwa tarehe unaweza kukamatwa na kuhojiwa. Uongo unaotembea midomoni bila karatasi hauna anayeweza kuushika. Wakazi wa Likoni wanaokumbuka Agosti 1997, wakati wa machafuko ya kabla ya uchaguzi, wanajua ninachokisema. Leo kila mtu anasimulia kivyake ni nani aliyeanza na nani aliyefukuzwa. Watoto wetu watatuuliza, nasi tutahitaji kitu cha kuwaonyesha zaidi ya maneno yetu.

Basi tufanye nini? Maoni yangu ni haya. Katiba ya mwaka 2010 iliyaweka maktaba chini ya serikali za kaunti. Kwa hivyo naiomba serikali ya Kaunti ya Mombasa itenge chumba kimoja Likoni, kimoja Kisauni na kimoja Changamwe, kiwe na rafu, pazia la kuzuia jua na mtu mmoja wa kukiangalia, na itangaze kwamba yeyote mwenye magazeti ya zamani ya Kiswahili na ayapeleke huko badala ya kuyauza kwa kilo. Nayaomba makampuni ya magazeti yafungue maghala yao na kuzipa maktaba za pwani nakala za zamani au picha zake. Nawaomba walimu wa Kiswahili wawatume wanafunzi wao kwa mabibi na mababu, waulize swali moja tu: mna karatasi gani ya zamani? Watashangaa kwa yatakayotoka uvunguni.

Na kwa wenye nyumba nina mawaidha machache niliyojifunza kwa hasara. Karatasi ya gazeti ina asidi inayoila yenyewe, na jua huiharakisha, mpaka ikawa manjano na kuvunjika kama jani kavu la mkungu. Iweke gizani. Usiilaze sakafuni, kwa sababu ya mchwa, wala usiibane na ukuta, kwa kuwa kuta zetu za pwani hutoka unyevu. Ilaze chali ndani ya sanduku la bati, usiisimamishe. Usiibandike kwa plasta ya gundi pale ilipochanika, maana gundi hiyo huacha doa lisilotoka. Tandaza majani makavu ya mwarobaini chini yake ili kufukuza wadudu. Na msimu wa kaskazi, hewa inapokuwa kavu, fungua sanduku kivulini lipunge upepo. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu mmoja katika nyumba anayejali.

Mimi nimeanza na yule kijana wa mteremkoni. Jumatano nilimpelekea kilo mbili za karatasi za ofisini zilizotumika upande mmoja, safi kuliko zake, na tukaagana hivi: yeye atazifungia hizo njugu, na kila gazeti atakaloletewa lililomzidi umri ataniwekea mimi, kilo kwa kilo. Alicheka, akasema, "Mzee wangu, wewe wanilipa karatasi kwa karatasi?" Nikamjibu naam. Kufikia Ijumaa alikuwa ameniwekea magazeti matatu, moja likiwa zima kabisa, lenye ukurasa wa mashairi.

Ile karatasi yenye majina ya watu wa Mtongwe nimeinyoosha nikaiweka pamoja na ile ya baba, katika sanduku lake lile lile. Life, Look na Time zimebaki rafuni. Ndugu msomaji, iwapo nawe una sanduku la mzee wako na umeshaanza kufikiria litakuletea kilo ngapi, nakusihi kwanza ulifungue, uketi barazani, usome.